Daktari wa dharura alipwe kwa kichwa au kwa saa?

Mwaka jana, nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha huko Mbagala, nilipewa kidato cha tatu, somo la Biashara. Mada ilikuwa ujira. Nikaandika ubaoni aina mbili: malipo kwa muda, yaani mtu analipwa kwa saa, zamu au mwezi aliokuwepo kazini, na malipo kwa kazi, yaani analipwa kwa idadi ya alichokifanya. Mfano sikuutafuta mbali. Dereva wa daladala ana hesabu ya kumpelekea tajiri jioni, kinachozidi ni chake, kwa hiyo atakimbia, atakatiza na atajaza hadi mlangoni. Dereva wa mwendokasi, mabasi yaliyoanza 2016, ana mshahara. Hana haja ya kugombania abiria, na wanaopanda Kimara asubuhi wanajua kusubiri ni nini.

Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, na daktari wa dharura usiku, yeye ni daladala au mwendokasi?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka, maana wiki tatu nyuma mdogo wangu alikuwa ameanguka na bodaboda. Tulimkimbiza hospitali moja ya binafsi. Daktari alikuwa mwepesi wa mikono kweli: akashona jeraha la kichwani, akaandika dawa, robo saa tukawa nje. Wakati wa kulipa nesi akaninong'oneza, "Kaka, Dokta hapa analipwa kwa kichwa." Saa nane usiku mdogo wangu akaanza kutapika, akawa hajui hata ni siku gani. Tukampeleka hospitali ya serikali. Huko tulikaa kwenye benchi mpaka nikagombana na mlinzi, hilo nalo nisilifiche. Lakini daktari alipompokea, alirudi kitandani kwake mara kwa mara hadi kunakucha: anammulika machoni, anamuuliza jina la mama, anaondoka. Hakushona wala kutoboa kitu. Alikuwa anaangalia tu. Dogo alipona, na kelele zake zimerudi.

Sasa huko "kuangalia tu" kunaandikwa safu gani kwenye daftari la malipo kwa kazi?

Marekani wana jibu la aina yake. Tangu 1992 bima ya serikali iitwayo Medicare hupima kila huduma ya daktari kwa pointi, na baadhi ya madaktari wa dharura hulipwa kwa pointi hizo, au kwa mchanganyiko wa pointi na saa. Foleni inapata sababu ya kutembea. Ila daktari naye ni binadamu, atajua haraka mgonjwa yupi ana pointi nyingi kwa dakika chache.

Kwetu mfano wa karibu hauhusu dharura, lakini unafundisha. Mwaka 2011 mkoani Pwani yalianza majaribio ya malipo kwa ufanisi: vituo vya afya vilipata bonasi kila miezi sita vikifikia malengo ya afya ya mama na mtoto, na sehemu kubwa ya fedha iliwaendea wafanyakazi. Taasisi ya Afya Ifakara na wenzake walipopima, wanawake waliojifungulia vituoni walikuwa wameongezeka, na wajawazito waliopewa dawa ya kuzuia malaria vilevile. Malengo mengine mengi hayakusogea. Na kwenye zahanati, wagonjwa wa nje, ambao bonasi haikuwahusu, walipungua. Mimi nasoma hivi: kilichohesabiwa kilikimbiliwa.

Kwenye dharura jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu nusu ya kazi ni kuwa tayari. Saa tisa usiku chumba kikiwa kitupu bado tunamtaka daktari awe macho. Kwa malipo ya kichwa, saa hiyo ni sifuri. Ni sawa na kuwalipa zimamoto kwa idadi ya nyumba zilizoungua.

Ndiyo maana nasimama upande wa saa. Lakini saa kweli, siyo mshahara wa mwezi uleule kwa usiku wa wagonjwa watano na wa hamsini. Posho ya kuitwa kazini ilikuwa kati ya madai ya mgomo wa madaktari wa 2012, na sishangai. Usiku na sikukuu zilipwe zaidi. Halafu, kwa ajili ya lile benchi, iwepo bonasi ndogo kwa timu nzima, nesi na mhudumu wakiwemo, ikipimwa kwa muda anaosubiri mgonjwa mahututi.

Mwenzangu wa chumbani, anayesoma hesabu, anasema bonasi ya timu ni kichaka cha wavivu. Ana hoja, tumebishana hadi umeme ukakatika.

Yule binti nilimjibu kwamba daktari awe mwendokasi, ila basi lije kwa wakati. Akaandika, kisha akauliza kama litatoka kwenye mtihani.