SOMO LA MWEZI: Mtoto Aliyetwaliwa Usiku

Somo: 1 Wafalme 3:16–28



Hukumu ya Mfalme Sulemani twaijua tangu tulipokuwa watoto wa Shule ya Jumapili. Mara nyingi tunakumbuka upanga, nasi husahau jinsi shauri lenyewe lilivyoanza. Katika aya ya 20 mama anaeleza kwamba mwenzake aliamka usiku wa manane, yeye akiwa amelala, akamwondoa mtoto ubavuni pake. Basi shauri lilianza kwa mtoto kutwaliwa kwa siri. Mwezi huu tumeonelea tujifunze habari hiyo, kwa maana jambo la namna hii latokea hata siku hizi, na mara nyingi anayemtwaa mtoto si mgeni. Ni baba yake au mama yake mwenyewe.

1. Jambo lenyewe

Mzazi mmoja anamvusha mtoto mpaka wa nchi bila ridhaa ya mwenzake. Au anaondoka naye kwa ruhusa, labda kwa likizo tu, na siku ya kurudi ikifika hamrudishi. Sisi wa Rau tusidhani kuwa hayo ni mambo ya mbali. Ukishika njia ya Himo unafika Holili, na ng'ambo yake ni Taveta, nchi ya Kenya. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro umekuwapo tangu 1971. Wana wetu wameoa na kuolewa Nairobi na Mombasa, Ujerumani na Uingereza. Ndoa ya namna hiyo ikivunjika, mtoto anakuwa na nchi mbili, na kila upande yuko bibi anayemngoja.

Tuchukue mfano. Ni Desemba, watu wanarudi nyumbani kwa Krismasi. Binti wa jirani anafika kutoka Ulaya na watoto wawili. Twafurahi, mbuzi anachinjwa. Januari inapita, shule za huko zimefunguliwa, naye haondoki. Baadaye twasikia kwamba baba yao anawatafuta, wala hakuambiwa neno. Au kijana wetu anamchukua mwanawe kwa mama yake huko Nairobi na kumleta kihambani, na wazee wanasema, "Mtoto ni wa ukoo wa baba, yuko kwao." Tazameni, ndugu: katika mifano yote miwili aliyekosa ni mwana wetu, na chakula na kitanda tumempa sisi.

Mtoto naye anapata hasara gani? Siku moja anapoteza mzazi, shule, rafiki, na pengine lugha aliyoizoea. Akiuliza, huambiwa kwamba mwenzetu yule amekufa, au kwamba hamtaki tena. Uongo huo huota mizizi moyoni, na siku atakapoujua ukweli atashindwa kumwamini hata yule aliyebaki naye.

2. Sheria inasemaje

Sheria ya Ndoa ya 1971 inaagiza kwamba katika kuamua mtoto akae na nani, jambo la kwanza ni ustawi wa mtoto. Mahakama hutazama pia matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama aweza kuyasema, na mila za jamii. Basi mila zetu za ukoo zinasikilizwa, lakini hazimshindi mtoto. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 7, sheria huanza kwa kudhani kuwa ni heri akae na mama, ingawa dhana hiyo yaweza kupingwa kwa ushahidi. Sheria hiyo hiyo inaipa mahakama uwezo wa kumzuia mzazi asimtoe mtoto nje ya Tanzania.

Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2003, unazitaka nchi zizuie utekaji wa watoto unaofanywa na mtu yeyote, na katika kifungu cha 29 wazazi wametajwa waziwazi.

Uko tena mkataba wa The Hague wa 25 Oktoba 1980. Huo hauamui ni mzazi yupi aliye mwema. Unasema tu kwamba mtoto wa chini ya miaka 16 aliyetwaliwa isivyo haki arudishwe upesi katika nchi alikokuwa akiishi, ili mahakama ya huko ikate shauri. Tena mahakama yaweza kukataa kumrudisha ikionekana kwamba atapata madhara makubwa. Zimbabwe ilijiunga mwaka 1995, Afrika Kusini 1997, Zambia 2014. Japani nayo ilijiunga mwaka 2014, baada ya wazazi walioachwa kulia na kudai kwa miaka mingi. Tanzania haijajiunga. Kwa hiyo mtoto akiletwa hapa, au akitolewa hapa, mzazi aliyeachwa hana njia hiyo ya mkato. Hana budi kuanza shauri upya katika nchi ya kigeni, kwa gharama zake, huku mtoto akikua bila yeye.

3. Yule mama alifanya nini

Watu wengine huitumia hadithi hii kumnyamazisha mzazi aliyeachwa: "Mama wa kweli ndiye aliyekubali kumwacha mtoto, basi nawe achilia." Hawakusoma vema. Mama yule hakunyamaza. Alikwenda mbele ya mfalme, akaeleza yote. Wala hakumvizia mwenzake usiku wa pili ili amwibe mtoto tena. Na alipokubali kumwachilia, ni kwa sababu upanga ulikuwa juu ya mtoto. Alilotendewa gizani alilileta nuruni, na hilo ndilo fundisho kwetu.

Twajua wako akina mama waliokimbia kipigo. Hao tusiwahukumu; tuwapokee na kuwalinda. Lakini hata wao tuwasindikize mahakamani mapema, waeleze walichokimbia. Siri huwageuza wenye haki waonekane wakosaji.

4. Yatupasa kufanya nini

Kwanza, mtoto akiletwa nyumbani kwako, uliza kwa upole: "Mwenzako anajua? Mnarudi lini?" Bibi aweza kuuliza swali ambalo askari hawezi.

Pili, wazee wa kanisa wasitoe barua wala cheti cha ubatizo kwa safari ya mtoto kabla ya kusikia wazazi wote wawili.

Tatu, mwenye hofu kwamba mtoto atavushwa asingoje. Aende upesi kwa afisa ustawi wa jamii, polisi katika Dawati la Jinsia na Watoto, au apige simu namba 116, kisha aombe amri ya mahakama. Mtoto aliye upande huu wa Holili ni rahisi kumlinda kuliko aliyekwisha kuvuka.

Nne, mikataba huridhiwa na Bunge. Mbunge akija kwetu, tumwulize habari ya mkataba wa 1980. Akina mama wa Umoja wanaweza kuanza.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini twakumbuka upanga wa Sulemani kuliko usiku ule wa aya ya 20?
2. Mwanao akikuletea mjukuu kwa siri, utasema nini siku ya kwanza? Na baada ya mwezi?
3. Je, yuko mtoto katika mtaa wetu asiyejua alipo mzazi wake mmoja? Nani aweza kumwambia ukweli?

Tusiache swali la tatu lipite bila jibu. Mungu atupe hekima aliyoiomba Sulemani.