Kuponya Vipara vya Majani Uwanjani

Mtu aonapo kipara katika majani ya uwanja wa shule au wa baraza, hukimbilia kupanda. Lakini yapasa tuulize kwanza: Ni kitu gani kilichoua majani? Mara nyingi ni miguu ya watu na ng'ombe ipitayo njia ile ile, au maji ya mvua yaliyochukua udongo wa juu, au kivuli cha mti, maana ukoka hupenda jua. Sababu isipoondolewa, kazi yote ni bure.

Dawa yake ni hii:

1. Mvua zikianza, Novemba au Desemba, na udongo ukiisha kulowa, lima kipara kwa jembe kadiri ya sentimita 15. Udongo uliogandamana haupokei maji wala mizizi. Changanya samadi iliyooza.

2. Kata mashina ya ukoka yatambaayo, kila kipande kiwe na vifundo vitatu au vinne. Panda siku ile ile, yasikauke. Fukia vifundo viwili, ncha ibaki juu, kisha shindilia kwa mguu.

3. Penye mteremko, fanya tuta dogo upande wa juu lizuie maji.

4. Zungusha miiba. Asipite mtu wala mnyama hata majani yafunike ardhi yote.

Tena, ukoka usipandwe karibu na shamba. Hutambaa chini kwa chini, na kuung'oa katika mtama au pamba ni taabu kubwa.

Katika hayo yote, la nne ndilo kubwa, na ndilo wengi wasilolivumilia. Wazee wa Kisukuma walilijua tangu zamani: walifunga ngitili mvua zinapoanza, wakaifungua kiangazi malisho yalipopungua. Mwaka 1986, Bariadi na Maswa zilipokuwa bado katika Mkoa wa Shinyanga, Serikali ilianzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ikaishika desturi hiyo hiyo, na ngitili zikarudi katika vijiji vingi.

Basi, waalimu na viongozi wa Sola na kwingineko, uwanja mdogo na ufundishe jambo la malisho makubwa. Mtoto aliyelinda kipara cha shule masika moja, akaona ardhi tupu ikivaa majani, hatahitaji kuhimizwa atakapokabidhiwa ngitili ya baba yake.