Leza na Wino wa Fedha: Kuchapa Waya kwa Mwanga

Fedha huyeyuka kwenye nyuzi 962 za Sentigredi, joto ambalo karatasi wala plastiki haiwezi kulistahimili. Yawezekanaje basi kuchapa waya wa fedha juu ya plastiki? Jibu limo katika udogo wa chembe.

Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Katika chembe yenye kipenyo cha nanomita chache, atomi nyingi zipo usoni, ambako kila moja hushikwa na majirani wachache. Kwa hiyo chembe huyeyuka mapema. Mwaka 1976 Buffat na Borel walithibitisha hayo kwa chembe za dhahabu. Chembe za wino wa fedha nazo huweza kushikana kwenye joto la chini ya nyuzi 200.

Kifaa cha kuujaribu wino huo chaweza kuundwa kwa gharama ndogo. Ndani ya mashine mbovu ya kuchezea DVD mna mota ndogo yenye parafujo ya kusogeza lenzi. Mota mbili za namna hiyo, zikipangwa kwa pembemraba, husogeza kioo kilichopakwa wino chini ya leza. Leza ya urujuani ya nanomita 405 hufaa kuliko nyekundu, kwani chembe za fedha hufyonza sana mwanga wa karibu na nanomita 400. Wino usiopigwa na mwanga huoshwa, na mstari hubaki.

Tuseme leza ina nguvu ya wati 0.1 na doa lake lina kipenyo cha milimita 0.1. Eneo la doa ni milimita za mraba 0.00785, hivyo kila milimita ya mraba hupata wati 12.7. Jua kali la adhuhuri huleta takriban wati 0.001 tu.

Nguvu hiyo ndiyo hatari yake. Leza hii hupofusha jicho kabla mtu hajapepesa, na miwani ya jua haikingi. Lazima kifaa kifungwe ndani ya sanduku lisilopitisha mwanga, lenye swichi inayozima leza kifuniko kinapofunguliwa, na mwalimu awepo.

Zoezi: Ukinzani mahsusi wa fedha ni omu-mita 1.6 × 10⁻⁸. Mstari una urefu wa milimita 20, upana wa milimita 0.1 na unene wa milimita 0.001.

(a) Tafuta ukinzani wake. (Jibu: omu 3.2)

(b) Mstari uliochapwa umepimwa ukaonyesha omu 16. Eleza sababu, ukifikiria nafasi zilizobaki kati ya chembe.