Ulimi wa Bibi



Kwetu Rumonge, mtu akianza kusema peke yake usiku, neno la kwanza ni majini. Ndivyo tulivyosema juu ya bibi yangu. Alisahau idadi ya rakaa, akadai majirani wanamsengenya nyuma ya ukuta, akakataa chakula kwa kuhofia sumu. Shekhe akaja kumsomea ruqya. Naye ndiye aliyeuliza swali ambalo sisi wasomi wa nyumba hatukuuliza: mbona anaburuta miguu, na mbona ulimi wake ni mwekundu na laini hivi? "Mpelekeni hospitali," akasema, "na kusoma tutaendelea."

Ulikuwa upungufu wa vitamini B12. Mwili huihitaji kutengeneza damu na kutunza utando unaofunika mishipa ya fahamu. Ikipungua, miguu hufa ganzi, kumbukumbu hupotea, na wengine husikia sauti zisizokuwepo. Si kila anayesikia sauti ana tatizo hili. Wengi sababu yao ni nyingine.

Mimi nilibisha. Vitamini hii hutoka kwenye nyama, mayai, maziwa na samaki, na sisi wa ziwani ndagala hawakosi sahanini. Kumbe kula ni jambo moja, kufyonza ni jingine. Tumbo hutoa protini maalumu ya kuibeba B12 hadi mwisho wa utumbo mwembamba, na kwa baadhi ya wazee protini hiyo hukoma. Tena bibi alikuwa amemeza metformin ya kisukari miaka mingi. Ni dawa nzuri, lakini ikitumika muda mrefu huweza kupunguza ufyonzaji huo.

Mnaosomea udaktari, msiridhike na kipimo cha wingi wa damu. Mwaka 1988 John Lindenbaum na wenzake nchini Marekani walieleza wagonjwa 141 walioharibikiwa neva au akili kwa kukosa B12. 34 kati yao hawakuwa na upungufu wa damu. Na kumpa mgonjwa kama huyo asidi ya foliki peke yake ni hatari: damu hupanda huku neva zikizidi kuharibika.

Bibi alichomwa sindano za B12. Baada ya wiki kadhaa sauti zilinyamaza, alhamdulillah. Ganzi ya miguu haijaondoka, kwa kuwa tulichelewa. Sasa anaswali ameketi, na mdogo wangu hukaa kando kumhesabia rakaa.