Vifaa Vizima, Chombo Kibovu: Mafunzo Niliyopata

Mdogo wangu unayetaka kuunda chombo chako mwenyewe, kifungwe kwenye tangi la maji au banda la kuku kifanye kazi miezi bila kuguswa, utafika mahali ambapo kila kifaa ni kizima kikiwa peke yake, lakini vikikaa pamoja vinavurugana. Mimi ugomvi huo wa vifaa ndio ulionifundisha ufundi kuliko kitu kingine. Mifano mingi hapa inatoka kwenye kazi ya kuendesha pampu ya maji: ESP32 ya kuendesha programu, moduli ya SIM800L ya kutuma meseji, relei ya kuwasha pampu, na sensa za kupima kina cha tangi.

1. Pima umeme kazi inapofanyika

Chombo kilisoma kina cha maji usiku kucha bila kosa. Ikifika zamu ya kutuma meseji, moduli inajizima. Multimita ilionyesha karibu volti 3.9, na moduli ile inataka kati ya 3.4 na 4.4, kwa hiyo umeme tukauondoa kwenye orodha ya washukiwa. Tukabadilisha moduli, tukabadilisha laini, tukahamishia antena dirishani. Hali ikabaki ileile.

Jibu lilikuja tulipopata oskiloskopu ya kuazima, na hadi leo picha ile naikumbuka. Moduli ya GSM kama hii haivuti umeme mfululizo. Inaporusha mawimbi hutumia kipande kimoja kati ya vipande vinane vya muda: mikrosekunde 577 katika kila milisekunde 4.615, yaani kama mara 217 kwa sekunde. Mkwaruzo unaousikia redioni simu iliyo karibu inapokaribia kuita ndio huo. Katika kipande hicho kifupi moduli inaweza kuvuta hadi ampea 2. Sasa chukua nyaya mbili nyembamba za bredibodi, chanya na graundi, kila moja ikiwa na omu 0.2 pamoja na viungo vyake. Ampea 2 zikipita, volti 0.8 zinapotelea njiani, kutoka 4.0 unabaki na 3.2. Na kwa kuwa shimo hilo linadumu sehemu moja ya nane tu ya muda, multimita inakupa wastani, volti 3.9, na wastani huo unaficha kila kitu.

Dawa yake ni waya mnene na mfupi, kapasita ya mikrofaradi 1000 iliyo karibu kabisa na miguu ya moduli, na nyingine ya nanofaradi 100 kando yake. Halafu graundi ya moduli irudi moja kwa moja kwenye chanzo cha umeme. Hili la graundi nalisisitiza, kwa sababu sensa ya analojia ikitumia waya huohuo, volti zinazopotea pale zinaingia kwenye kipimo chake, na utaona kina cha maji kikibadilika kila meseji inapotumwa huku tangi limetulia.

2. Dayodi haimalizi habari ya relei

Koili ya relei ikikatiwa umeme hurusha volti za kinyume, na ndiyo maana mafundi huweka dayodi kama 1N4007 sambamba nayo, upande wenye mstari ukiwa kwenye chanya. Sisi tuliiweka, na bado ESP32 ilijiwasha upya kila pampu ilipozimwa.

Jaribio lililotuokoa lilikuwa jepesi. Tulichomoa pampu, tukaiacha relei iwake na kuzima bila mzigo. ESP32 haikutikisika. Basi koili haikuwa na hatia. Tatizo lilikuwa cheche inayoruka kati ya kontakti za relei zinapoachana kukata umeme wa mota ya pampu. Cheche hutawanya mawimbi, na waya mrefu wa sensa huyapokea na kuyaleta hadi kwenye bodi.

Tuliunga rezista ya omu 100 na kapasita ya mikrofaradi 0.1 kwa mfululizo, tukaziweka sambamba na kontakti. Kapasita hiyo lazima iwe ya daraja la X2, iliyotengenezwa kwa ajili ya umeme wa nyumbani. Ya kawaida ikifa inaweza kuwaka moto. Waya wa pampu tukautenganisha na wa sensa. Na kama hujazoea umeme wa volti 230, mwite fundi umeme akusaidie sehemu hiyo.

3. Ugomvi mwingine uko ndani ya chipu

Sensa iliyounganishwa pini 26 ilisoma vizuri hadi Wi-Fi ilipowashwa, ikakwama. Nilishangaa sana, maana hakuna waya uliokuwa umeguswa. Kumbe pini 26 iko kwenye kundi la pini za analojia liitwalo ADC2, na ESP32 inapotumia Wi-Fi kundi hilo haliaminiki. Kuhamia pini 34, iliyo kwenye ADC1, kulimaliza shida. Pini 12 nayo, ikivutwa juu wakati bodi inawaka, inaweza kuizuia kabisa isianze. Kwenye Arduino Uno, maktaba ya Servo huchukua taima ambayo pini 9 na 10 huitegemea kwa PWM, na taa uliyokuwa ukiipunguza mwanga inaacha kutii.

Kwa hiyo kabla ya kushika chuma cha kulehemu, chora jedwali: kila pini, kila taima, na nani anaitumia.

4. Anwani moja, wapangaji wawili

Saa ya DS3231 na sensa ya mwendo ya MPU6050 zote huitikia anwani 0x68 kwenye nyaya za pamoja za I2C. Pini ya AD0 ya MPU6050 ikiunganishwa na chanya, inahamia 0x69. Saa haihamishiki.

5. Tafuta vinachogawana

Chombo kikianza vituko, acha kuuliza kifaa kipi kibovu. Uliza viwili hivi vinagawana nini: umeme, graundi, pini, taima, anwani au hewa. Kisha toa kimoja kimoja mpaka vurugu itulie, ukiandika kila badiliko. Mimi huanza kwa kumpa mshukiwa betri yake, graundi tu zikibaki zimeungana. Vurugu ikiisha, njia ya umeme ndiyo ya kufanyia kazi. Ikiendelea, nasogeza antena na nyaya. Zikisogezwa na bado hakuna tofauti, nafungua jedwali la pini, na hapo ndipo naanza kuigusa programu.