Kibanda na Keria juu ya Pikapu
Ndugu mfanyakazi wa Himbi, ukitaka kufunga kibanda na keria kwenye pikapu yako kwa safari ya jamaa, fikiri kwanza njia. Mawe ya Nyiragongo, yaliyomwagika hadi katikati ya Goma mwaka 2002, hutikisa gari na kulegeza buloni. Zikaze tena baada ya kilomita chache za kwanza. Mitungi ya maji iwekwe chini, si juu ya paa: gari lenye kichwa kizito hupinduka upesi.

Hatari kubwa haionekani. Dirisha la nyuma la kibanda likiachwa wazi, moshi wa injini huvutwa ndani, na kaboni monoksidi iliyomo haina harufu. Mtoto aliyelazwa humo utadhani amesinzia tu, kumbe anakufa. Watoto wakae kabinini, wamefunga mikanda.