DARSA YA JUMA HILI: KAMA YOTE YAMEKWISHA KUPANGWA, KUNA HAJA GANI YA KUJITAHIDI?

Bismillahi Rahmani Rahim.



Juma lililopita, baada ya sala ya alasiri, kijana mmoja wa mwaka wa mwisho wa sekondari alibaki nyuma msikitini na daftari lake mkononi. Alikuwa na maswali mawili. La kwanza lilitoka shuleni. Wamefundishwa habari za Wastoiki, wanafalsafa wa kale wa Ugiriki na Roma, waliosema kwamba kila jambo linalotokea limefungwa katika mnyororo wa sababu tangu mwanzo, wala hakuna kinachopita nje ya mnyororo huo. Na watu hao hao wakafundisha: shughulika na yaliyo katika uwezo wako, mengine yaache. Kijana akauliza, kama yote yamefungwa, ni kitu gani tena kilicho katika uwezo wangu? Si wanajipinga wenyewe?

Swali la pili alilitoa polepole. Kama kufaulu kwangu mtihani wa Serikali kumekwisha kuandikwa, au kushindwa kwangu kumekwisha kuandikwa, kwa nini basi nikeshe usiku na taa?

Nilimjibu kwa haraka, na jibu langu halikuniridhisha hata mimi. Ndiyo maana ya darsa hii.

Tuanze na wenyewe. Zeno, mzaliwa wa mji wa Citium katika kisiwa cha Kupro, alianza kufundisha Athens karibu na mwaka 300 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.). Hakuwa na jengo lake. Alifundishia chini ya baraza moja la mji lililopambwa kwa picha. Baraza kwa Kigiriki ni stoa, na jina la Wastoiki limetoka hapo: watu wa barazani. Aliyemfuata ni Cleanthes, ambaye inasimuliwa kwamba usiku aliteka maji kwa ujira ili mchana apate kusoma. Wa tatu ni Chrysippus, aliyekufa karibu na mwaka 206 kabla ya Isa. Huyu ndiye aliyelishughulikia swali la kijana wetu kuliko wote. Inasimuliwa kwamba aliandika vitabu zaidi ya 700, na leo hakuna hata kimoja kilichobaki kizima. Hoja zake tunazipata kwa waliokuja nyuma, kama Cicero wa Roma, ambaye mwenyewe hakukubaliana naye.

Kuna kisa kifupi cha Zeno. Mtumwa wake alishikwa akiiba. Alipokuwa anapigwa akajitetea kwamba aliandikiwa kuiba. Zeno akamjibu kwamba basi na kupigwa aliandikiwa vilevile. Watu husimulia kisa hiki ili wacheke, lakini ndani yake mna mlango wa maneno yote yanayofuata. Yule mtumwa alikata mnyororo katikati. Alichukua pingu moja, ile iliyomfaa, akaacha zile zilizofungamana nayo.

Wagiriki waliita jambo hili hoja ya mvivu. Inasema hivi: mgonjwa akiwa ameandikiwa kupona, atapona, aite munganga asimwite, akiwa ameandikiwa kufa, atakufa, aite asimwite, basi kumwita munganga ni bure. Sikilizeni vizuri, maana hoja hii haiko Ugiriki tu. Iko sokoni kwetu, iko ndani ya nyumba zetu, na mara nyingine imevaa kanzu.

Chrysippus alijibu kwamba mambo hayaandikwi moja moja, kila moja peke yake kama mahindi yaliyopukuchuliwa. Yameandikwa pamoja na njia zake. Alitoa mfano wa mwanamieleka Milo: hawezi mtu kusema kwamba Milo ameandikiwa kupigana mieleka Olympia, awepo wa kupigana naye au asiwepo. Mieleka bila mpinzani si mieleka. Vivyo hivyo huwezi kusema mtu ameandikiwa kupata mtoto, amlale mkewe au asimlale. Kupona kukiwa kumeandikwa kwa njia ya dawa, basi na kumwita munganga kumeandikwa ndani ya kupona huko huko. Anayeiondoa njia na kubakiza mwisho ameandika kitabu chake mwenyewe.

Nilipofika hapo nilikumbuka habari mnayoijua, ya Sayyidna Umar (r.a.) mwaka wa 18 wa Hijra, mwaka 639 kwa hesabu ya Kizungu. Alikuwa njiani kwenda Sham, akapata habari kwamba tauni imeingia huko. Akaamua kuwarudisha watu. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwamba ndiyo, wanaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Kisha akampa mfano wa mchunga ngamia aliyeshuka bondeni, upande mmoja una majani na mwingine ni mkavu: akichunga kwenye majani ni kwa kadari, akichunga penye ukavu ni kwa kadari. Umar hakusema kwamba kurudi kwake kulikuwa nje ya maandiko ya Mola. Alisema kumo ndani yake. Sidai kwamba alijifunza kwa Wagiriki. Nasema watu wawili walisimama mbele ya shimo moja na kila mmoja akaliona.

Tofauti yetu nao isifichwe. Mungu wa Wastoiki ni kama moto au pumzi iliyoenea ndani ya ulimwengu, nao ni mwili wake. Sisi Mola wetu ni Muumba, si sehemu ya alivyoumba. Lakini swali la mtu na tendo lake ni lile lile, nalo liliwagawa Waislamu mapema sana. Jabriyya walisema mtu ni kama unyoya katika upepo. Qadariyya walisema matendo ya mtu ni yake mwenyewe, Mungu hakuyakadiria. Imamu al-Ashari, aliyefariki mwaka 324 wa Hijra, akapita katikati na fundisho la kasb: Mungu huumba tendo, na mtu hulichuma.

Turudi kwa Chrysippus, maana bado swali la kwanza la kijana halijajibiwa. Sawa, njia zimeandikwa pamoja na mwisho. Lakini hata kuridhia kwangu na kukataa kwangu si vimeandikwa? Yangu ni nini?

Jibu lake ni mfano. Mmewaona vijana wakishusha mizigo ya lori. Pipa la mawese wakilisukuma mara moja kwenye mteremko linabingirika mpaka chini. Kasha la sabuni wakilisukuma kwa nguvu ile ile linateleza kidogo, kisha linakaa. Msukumo ni mmoja. Kilichotofautisha ni umbo. (Yeye alitaja gogo la mviringo na pia ya watoto, lakini pipa tunalijua zaidi.) Aliyesukuma alilipa pipa mwanzo wa kwenda; kubingirika hakulipa, kubingirika ni kwa umbo la pipa lenyewe.

Ndivyo ilivyo kwa moyo. Mtu ameingia dukani, mwenye duka ametoka, simu iko juu ya meza. Wazo linamjia: ichukue. Wazo hilo hakulialika, ni msukumo. Mmoja analiridhia na mkono unakwenda. Mwingine analiona linapita kama mgeni asiyejulikana, hamfungulii. Wastoiki walisema dhambi na wema viko hapo, katika kuridhia. Na kuridhia huko hawakukutoa nje ya mnyororo. Kuna sababu za kwa nini huyu ameridhia na yule amekataa: malezi, mafundisho, mazoea, mwili wake. Hapo ndipo watu wengi wanapowasoma vibaya. Waliposema jambo liko katika uwezo wako hawakuwa na maana kwamba halina sababu. Walikuwa na maana kwamba haliwezi kutokea ila kwa kupitia kwako, kwa hukumu ya moyo wako. Jiwe likikuangukia, hukuridhia. Ukimtukana jirani, tusi limepitia kwako, limechukua umbo lako.

Wanao mfano mwingine unaopendwa sana, wa mbwa aliyefungwa nyuma ya gari: akitaka anafuata, asipotaka anaburutwa. Mimi siupendi, wala si kwa sababu ya mbwa. Unamfanya msikilizaji adhani kadari ni kamba ya nje na moyo umebaki huru pembeni. Kwa fundisho lao lenyewe, hata kutaka au kutotaka kwa yule mbwa kumo ndani ya mnyororo. Pipa linasema kweli zaidi.

Aliyelifanya fundisho hili kuwa kazi ya kila siku ni Epictetus. Alizaliwa mtumwa karibu na mwaka 50 baada ya Isa, huko Hierapolis, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, naye alikuwa kiwete. Baadaye aliachwa huru, na kaisari Domitian alipowafukuza wanafalsafa Roma akaenda kufundisha Nicopolis, Ugiriki. Huyu aliyejua pingu hakusema uhuru ni kuwa bila sababu. Alisema aliye huru ni yule asiyezuiliwa katika anachokitaka, kwa kuwa ametaka kilicho chake tu. Bwana anaweza kuufunga mguu wa mtumwa; kuridhia kwake hawezi kukufunga. Na kuridhia kunafunzwa, kama fundi anavyomfunza mtoto kushika randa, leo kidogo, kesho kidogo. Somo lenyewe ni sababu mojawapo katika mnyororo. Kumwonya mtu ni msukumo, na huenda huo ndio alioandikiwa asikie. Habari zake zilifika hata kwa Waarabu: al-Kindi, aliyefariki karibu na mwaka 873, katika risala yake ya kuondoa huzuni ana mfano wa abiria walioteremka chomboni na kusahau safari, na asili yake ni kwa huyu kiwete.

Epictetus anasimulia pia neno la Chrysippus ambalo naliona ndilo ufunguo. Alisema maadamu yajayo yamefichwa kwangu, nitashika lililo jema kwa kadiri ya ninavyoona. Kama ningejua kwamba nimeandikiwa kuugua sasa hivi, ningeukubali ugonjwa. Yaani kadari ya kesho haijulikani, kwa hiyo haiwezi kuwa shauri la leo. Inajulikana tu ikishapita, na hapo ndipo inapopokelewa.

Hili nililijua kwa njia mbaya kabla ya kulisoma. Mwaka 2003 mtoto wetu wa tatu alishikwa na homa. Alikuwa na miaka minne. Mama yake alisema tumpeleke usiku ule ule. Mimi niliona njia ni mbaya na fedha ni kidogo, nikasema yaliyoandikwa yameandikwa, tungoje kuche. Kulipokucha nikaona homa imepungua, nikasema tungoje tena. Siku ya tatu munganga alimwekea serumu, lakini hakuiona siku ya nne. Watu walikuja na mkeka, wakanifariji kwa neno la kadari, nami nikalishika kwa mikono miwili kwa sababu lilinificha. Mama yake hakusema kitu.

Neno lile lilikuwa la kweli. Kosa langu lilikuwa wakati. Neno la maiti nililisema juu ya mtoto aliyekuwa bado anapumua. Epictetus anafundisha kwamba ukifiwa na mtoto usiseme umempoteza, sema amerudishwa, na Muislamu anaijua maana hiyo toka utotoni. Lakini usiku ule hakuwa amerudishwa. Usiku ule mtoto alikuwa mgongoni mwa mama yake mlangoni, na kwenda kulikuwa mojawapo ya mambo yanayoweza kuwa yameandikwa. Kuchelewa kulipitia kwangu. Siwezi kusema ni msukumo tu. Pipa ni langu.

Atasema mtu: na umbo la pipa, ulilifanya wewe? Swali hili si jipya. Karibu na mwaka 200 baada ya Isa, Alexander wa Aphrodisias aliandika kitabu juu ya kadari, akauliza kwa nini alaumiwe mtu asiyeweza kufanya kinyume. Nakiri swali ni zito. Wastoiki hawakulitoroka: wakosaji waliwaita vipofu wa jambo jema, na Epictetus alikataza kuwakasirikia, akasema waonyeshwe njia kama unavyomwonyesha kipofu. Na hapa nadhani wako na haki kuliko wengi wetu, sisi tunaojisamehe kwa kadari na kumhukumu jirani kana kwamba yeye peke yake hakuandikiwa kitu.

Kijana alirudi juzi, nikamweleza haya yote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema tatizo lake si falsafa tena, ni mwanga. Kwao umeme umekatika tangu mwezi uliopita. Basi taa ya sola ya msikiti itaachwa inawaka ukumbini kila siku baada ya isha mpaka saa nne ya usiku, hadi siku ya mtihani. Wanafunzi wengine wa mwaka wa mwisho, wavulana na wasichana, waje na madaftari yao. Wasichana watakaa upande wa mama zao, na mzee wa zamu atawasindikiza nyumbani.

Wabillahi tawfiq.